Deni la Mdomo wa Baba

Nakumbuka siku tuliponyolewa nywele baada ya kumzika baba, nyumbani kwetu karibu na Chwele. Nawataja walionena siku hiyo, asije mtu akasema nimebuni: mimi Nekesa, kifunguamimba, mdogo wangu Wafula, baba mdogo Wekesa, Mzee Makokha aliyeendesha shughuli, na Barasa, fundi wa mashine za kupiga chapa kutoka Bungoma. Majirani walijaa uani, lakini wao walisikiliza tu.

Baba yangu, mwanangu, ndiye yule mtunzi wa tamthilia na riwaya mnazosoma shuleni. Mama alimtangulia, nami nikaacha masomo niwalee wadogo zangu. Kwetu, siku ya kunyoa, anayemdai marehemu husimama akasema, na aliye na mali yake huirudisha. Ukinyamaza siku hiyo, umesamehe.

Barasa akasimama na mzigo kwenye gunia. "Nina taipureta ya marehemu. Aliniachia nitengeneze, hakurudi kuichukua."

Kwa ajili ya taipureta hiyo Wafula, akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, alichapwa mpaka akakimbilia kwa jirani. Baba alitangaza kanisani kwamba mwanawe ameiba mashine akaiuza sokoni. Akafa hajalifuta neno hilo.

Wafula akainuka, kichwa kimenyolewa nusu. "Na mimi namdai baba. Aliniita mwizi."

Baba mdogo akacheka. "Ati nini? Keti, bana! Watu wanadai ng'ombe, wewe unadai matusi?"

"Wekesa, nyamaza!" Mzee Makokha alifoka hata mwenye wembe akasimamisha mkono. "Ng'ombe hulipwa kwa ng'ombe. Jina la mtoto utalilipa na nini? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ndugu yako alijikwaa ulimi." Akanigeukia. "Nekesa, deni hili ni lako."

"Huyu si msichana?" baba mdogo akasema. "Kesho ataolewa. Deni litahamia kwa wakwe?"

"Madeni ya ng'ombe chukueni ninyi wanaume. Hili atalibeba anayewapikia watoto uji. Nekesa, neno lilikofika, nawe ufike."

Nikafika. Nilisimama kanisani, nikapita nyumba kwa nyumba, nikaenda Chwele siku ya soko nikasema mbele ya wauza kuku. Nikadhani nimemaliza. Kumbe baba alikuwa amewaandikia pia marafiki zake wa mbali.

Sasa barua zake zimekusanywa zikawa kitabu kinene. Kabla hakijatoka, mhariri, msomi mwenye sauti ya upole, alinijia hapa Kitale kutafuta picha. Akanisomea barua ambamo baba aliandika kwamba amezaa mwizi, aliyeuza mashine yake soko la Chwele. Nikamweleza yote.

"Pole, mama," akasema. "Lakini maneno ya gwiji hayaguswi."

"Usiyaguse. Ongeza mstari mmoja chini yake, kwamba mashine ilipatikana kwa fundi."

"Hiyo sawa, mama. Nitaweka."

Akanywa chai yangu, akachukua picha zangu, akaenda.

Mstari haumo. Nimeutafuta kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Nilipompigia simu akaniambia nafasi ilikuwa finyu. Nafasi! Mbwa wa rafiki yake baba amepewa maelezo marefu chini ya ukurasa, jina lake na mwaka aliokufa. Ndugu yangu hakupata hata mstari.

Wafula leo ni babu mwenye wajukuu, mtunza hazina wa kanisa letu. Jumapili iliyopita vijana wa kwaya, waliokwisha kukisoma kitabu, walimngoja mlangoni. "Mzee, sadaka iko salama ama imeshafika soko ya Chwele?" Wakacheka. Aliweka funguo za sanduku mbele ya mchungaji, akarudi nyumbani kwa miguu. Hajatoka tena.

Nina hasira, wala siiombei radhi. Msiniambie baba alikuwa mtu mkubwa. Najua, nilimfulia mashati. Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi tunalila mpaka leo.

Mwanangu, ukimsema mtu vibaya, kwa mdomo, kwa kalamu au kwa hiyo simu yako, kisha ukajua ulikosea, lifuate neno lako wewe mwenyewe ungali hai. Usiwaachie watoto wako kazi hiyo. Ukipewa maneno ya wafu uyachape, kumbuka kwamba wanaotajwa humo wengine wangali wanapita barabarani. Na kabla hujacheka ulichokisoma, muulize aliyekuwapo.

Mungu akupe mkono hodari wa kuandika, na ulio hodari zaidi wa kusahihisha. Akupe ndugu wa kusimama nawe watu wanapokucheka.

Mimi ndugu yangu bado ananidai. Kitabu kimeingia nyumba nisizozijua, na miguu yangu imechoka. Wewe uliye nacho, chukua kalamu, uandike chini ya barua ile: Wafula hakuiba. Kwako nitakuwa nimelipa. Kwa wengine, bado.