Amefuta Uso wa Mama kwa Kidole Chenye Mate

Jamani, hadi sasa kinyaa hakijaniisha.

Leo asubuhi nilikuwa upande wa Lupiro, kando ya mto, nachora kwa rangi za mafuta. Mbele yangu alikaa mama mmoja muuza samaki, anapasua kambare.

Rangi za mafuta hazikauki upesi. Uso wake kwenye picha ulikuwa bado mbichi, na ndio ulionitoa jasho kuliko picha yote.

Gari likasimama. Akashuka kaka mmoja nadhifu, hata shikamoo kwa mama hakutoa.

"Picha kali. Ila huyu mama anachafua mandhari."

Kabla sijajibu, akalamba kidole gumba, AKAUFUTA USO WA MAMA. Mate yake na rangi yangu vikavurugika pale kwenye turubai.

Mtu mzima kabisa! Hivi watu hawa wanalelewa wapi?

Mama alikuwa anaona kila kitu.

Sasa sikieni maajabu. Jamaa akajipangusa kidole, akaligeukia beseni la mama.

"Hawa kambare unauzaje?"

Mama akalifunika beseni. "Kwako siuzi, mwanangu. Si umeshanifuta?"

Jamaa akaondoka amenuna.

Nikayakwangua yale mate kwa kisu cha rangi, nikapitisha kitambaa chenye tapentaini, bado mwili unanisisimka. Nikamwomba mama radhi. Nikamuuliza kama nimchore upya au tuache.

"Nichore," akasema, akisogeza kigoda karibu. "Ila sasa nina hasira. Na hasira yenyewe uichore."

Nimeichora yote.