Njuga Nilizozitoa

Tarehe sita mwezi wa tatu nilimpoteza kaka yangu mkubwa. Moyo wake ulisimama kiwandani, mtaa wa Jacobs, kabla ya chai ya saa nne, mimi nikiwa kwenye mashine ya tatu kutoka kwake. Nilisikia watu wakiita nikadhani mashine imekwama.

Aliacha mke, hakuacha mtoto. Aliacha pia fimbo mbili za kuvulia na sanduku la plastiki lililojaa jigi. Jigi ni ndoano yenye kichwa cha risasi, iliyovishwa nyuzi za mpira kama sketi. Ukiirusha bwawani na kuiburuta chini polepole, samaki anayeitwa besi huidhania kaa mdogo. Nyingine hufungiwa kichupa chembamba chenye shanga za chuma ndani, na kikitikisika kinalia. Kaka aliviita njuga.

Kila Jumamosi alirudi na besi wawili au watatu. Shemeji alisikia sanduku likilia kwenye ngazi za ghorofa yetu, hapo Overport, kabla hajasikia hatua za mumewe.

Siku ya tatu ya matanga, sebule imejaa watu, mtu mmoja alitafuta pa kuweka sufuria akasogeza lile sanduku. Likalia. Shemeji aliinuka alipokuwa amekaa, akaenda mpaka mlangoni, akafungua. Hakukuwa na mtu. Alisimama hapo ameshika kitasa mpaka shangazi yetu, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza matanga, alipomrudisha.

"Nyamazisha ile kitu," shangazi akaniambia. "Hapa iko matanga, haiko ngoma."

Nilikaa jikoni na koleo nikazing'oa njuga zote. Nilizitia kwenye mfuko wa maganda ya viazi, na mfuko ukaenda na takataka. Sikumwuliza mtu. Ningeweza kulifunga sanduku ndani ya blanketi, lakini wazo hilo halikunijia. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba upande wa kushoto zilikuwa zimepangwa jigi zenye njuga, na upande wa kulia zisizo nazo. Sasa zote zilikuwa lundo moja juu ya meza, zote sawa. Kaka alizipanga kwa sababu fulani, na mimi nilikuwa nimeuvuruga mpango wake.

Katika ukoo wetu mjane haondolewi matanga kwa maombi peke yake. Lazima kwanza ale kile alichozoea kuletewa na mumewe, na kiletwe na ndugu wa marehemu kwa mkono wake mwenyewe. Cha kununua hakihesabiki. Mpaka hapo mjane hatoki kufanya kazi. Shemeji ana meza ya vitenge mjini, na kila siku aliniuliza ni lini nitamletea samaki. Shangazi akapanga Jumamosi, saa tisa alasiri. Nilisema sawa, mimi ambaye kwa miaka yote nilikuwa nimepata besi wanne tu, na wote kwa jigi ambayo kaka alinifungia. Sikuwahi kumwuliza kwa nini leo jigi hii na si ile.

Kwetu Uvira, ziwani, wavuvi hupiga maji kwa miti ili samaki waogope, wakimbilie wavuni. Kwa hiyo mimi nilijua kelele hufukuza. Nilipomwambia kaka alicheka.

"Yule wa kwetu anakimbia kelele. Huyu wa hapa mzungu, akisikia kelele anakuja kulalamika."

Niliridhika. Lakini siku nyingine, kwenye maji ambayo kwa macho yangu yalikuwa yaleyale, aliing'oa njuga kwa meno akaitema. "Leo kimya," akasema. Hata hapo sikuuliza. Nilikuwa nafungua mkate.

Ijumaa nilimwuliza shemeji kuhusu njuga. Akasema mumewe aliapa kwamba kuvua bila njuga ni kuosha risasi tu. Nikalala na neno hilo, na sanduku la jigi zisizo na njuga hata moja.

Mvua ilikuwa imenyesha Alhamisi. Jumamosi asubuhi bwawa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilimkuta mzee wa Kihindi anayetoka Queensburgh, mwenzake kaka wa kuvua, ambaye sote tunamwita anko. Alinipa pole, akatazama sanduku, akauliza kwa nini jigi zangu ziko uchi. Nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu.

"Kaka yako asingejali," akasema. "Mwenyewe alikuwa anazitoa. Miaka minane tumebishana. Mimi namwambia maji machafu yanataka njuga, samaki haoni, atakujaje? Yeye anasema hapana, njuga inamfukuza."

"Mke wake amesema aliapa kwa njuga."

"Kwa mke wake, labda. Yule alipenda kubisha. Ungemwambia maji ni maji, angekataa."

Hilo lilikuwa kweli, lakini halikunisaidia. Nilirusha kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne na sikupata kitu. Anko akaniazima jigi moja yenye njuga. Ililia kiganjani mwangu na nikakumbuka maneno ya shangazi, maana matanga yalikuwa bado hayajaondolewa. Niliifunga hivyo hivyo. Nikavua nayo saa nzima, na kila nilipoiburuta nilijiona kama mtu anayepiga ngoma kwenye msiba. Hakuna samaki aliyegusa. Nikaikata, nikamrudishia.

Yeye akaifunga kwenye uzi wake, akairusha mara tatu pembeni ya matete, akahama. Mimi nilikuwa nimechoka. Nikarusha yangu ya kimya palepale alipotoka, kwa sababu palikuwa karibu. Uzi ukawa mzito. Nilidhani ni majani, mpaka ulipoanza kwenda wenyewe. Alikuwa besi wa urefu wa mkono, kutoka kiwiko mpaka vidole.

"Huyo wangu," anko akasema, akimtoa majini kwa wavu. "Mimi nimemwita, wewe umemfungulia mlango tu."

"Amekula ya kimya, anko."

"Kwa sababu alisikia yangu kwanza."

"Au alikuwa anaikimbia yako, akakutana na yangu."

Akafikiri. "Eish," akasema. Yeye samaki wake huwarudisha majini, na alizoea kutugombeza sisi tunaokula. Siku hiyo alinitafutia mfuko mwenyewe.

Saa tisa shangazi alikuwa amempika mzima, kwa mawese na nyanya. Akamweka mbele ya shemeji. Tulikuwa watu kama kumi, tukimtazama. Shemeji hakugusa.

"Shemeji, huyu ulimupata na njuga ao bila njuga?" akaniuliza.

Ningejibu neno moja tu, yangekwisha. "Bila," nikasema. "Lakini njuga ya anko ilipita hapo kwanza. Sijui." Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kusema, nikamaliza. "Zile za kaka nilizitoa zote, siku ile ulipokwenda mlangoni. Nilizitupa."

Shangazi akatazama chini.

"Zote?"

"Zote."

"Mimi ndiye nilimununulia zile," shemeji akasema. "Labda alizisifu ili nifurahi. Sasa nitajuaje?"

Nilingoja aisukume sahani. Angeisukuma, matanga yangebaki, na mimi ningerudi bwawani Jumamosi nyingine bila kujua zaidi ya nilivyojua. Mkono wake ulikaa juu ya samaki bila kumgusa. Halafu akamvunja karibu na pezi, akala. Alikula upande mmoja, akamgeuza, akala na upande wa pili. Sijui kama alinisamehe au alikuwa na njaa. Hakuniambia, nami sijamwuliza.

Jumatatu asubuhi nilimbebea mabunda ya vitenge mpaka mjini. Aliitandika meza yake peke yake, akaniambia niende, nitachelewa. Nikapanda taksi ya Jacobs.