Niliwapeleka wageni kuangalia ziwa, kumbe nimemfungia jirani yangu bafu

Heshima mbele wakuu. Hiki ninachoandika sijakitia chumvi, kimenikuta mwenyewe na aibu yake bado ninayo.

Naishi Mwanza, mtaa wa mlimani, zile nyumba zilizokaa juu ya mawe.

Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna jiwe kubwa. Ukisimama juu yake jioni, view yake ni ziwa lote mpaka visiwani. Nikaanza kupeleka wageni, wengi wametoka kupiga picha daraja la Kigongo wanatafuta pa kumalizia siku.

Mtaa ukachangamka. Dada wa sambusa akahamia njiani. Watu wakaacha kutupa taka pale juu. Nikawa najiona mkombozi, sitanii.

Mmoja tu hakufurahi. Jirani yangu Mama Kulwa, ndiye aliyenipokea nilipohamia sina hata godoro. Zamani alikuwa akiitikia shikamoo yangu huku anacheka. Sasa anaitikia akiwa ameshageuka.

Nikasema moyoni, binadamu bwana, ukipata kidogo tu wanakununia.

Siku moja mgeni akanitumia picha aliyopiga siku zile za mwanzo kutoka juu ya jiwe. Kali kweli. Nikaikuza nipate kipande cha kutangazia.

Kwenye kona ya chini kulikuwa na bafu la mabati. Mabafu yetu ya uani mnayajua, hayana paa. Ndani yake yumo Mama Kulwa, ndoo miguuni, povu kichwani.

Wakuu, nilikaa chini.

Nikamwomba mgeni aifute, akafuta, na mimi nikafuta. Nikaenda kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umekuja na wangapi?"

Nikamweleza yote, nikaomba msamaha, nikaahidi kumwezekea bafu.

"Miaka yote naoga naangalia mawingu," akasema. "Siku hizi naoga alfajiri na baridi yote ile, maana jioni nikiinua macho naona viatu. Sasa unataka kunifungia na mawingu?"

Nikasimamisha wageni siku hiyo hiyo. Dada wa sambusa akaninunia, na haki yake.

Wiki ya pili Mama Kulwa akanigongea mwenyewe. "Sijasema wasije. Nimesema wasinichungulie."

Akanipeleka upande wa pili wa mlima, kwenye jiwe la chini ambapo kina mama huanika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Ziwa lile lile, na chini yake hakuna bafu hata moja. Mimi na ujanja wangu wote sikuwahi kufika pale.

Sharti moja tu. Njia inapita kwenye nyua tatu za watu, kwa hiyo wageni wapige hodi na wasubiri waambiwe karibu. Siku hizi hilo ndilo neno la kwanza ninalowafundisha. Wanapewa na michembe watafune.

Nilichojifunza, kabla hujauza view ya mtaa wako, waulize walio chini yake.

Juzi jioni napita na wageni, tukasikia nyuma ya mabati maji yanamwagika na mtu anaimba kwa sauti, hana habari na mtu. Mgeni akauliza ni nini kile.

Nikamwambia kile hakimo kwenye ratiba, tuendelee.

Haya, wa mitaa ya mlimani na ninyi mnaotembeza wageni, semeni. Kwenu mliulizwa?