Filamu Iliyochangiwa Kama Harusi

Hadi leo nikikutana na watu wa kwetu mjini Moshi wananiambia filamu yangu ilijaza ukumbi. Ni kweli. Ilijaza mpaka watu wakakaa kwenye ngazi na kupakatana. Huwa naitikia kwa adabu, kisha naaga haraka kabla sijamtukana mtu mzima.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, vijana walikuwa wameteremka mjini kuuza mitumba na betri, na kila mtaa ulikuwa na kibanda cha video kinachoonyesha watu wakirushiana mateke kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, sijaolewa. Nilikuwa nimejifunza kushika kamera Dar es Salaam, na nilikuwa nimeandika hadithi ya mjane wa mlimani ambaye mashemeji zake wanataka kumtoa shambani.

Sikuhitaji kuitunga sana. Kwetu Old Moshi kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, hurithiwa na wana wa kiume. Kaka yangu mkubwa alishapewa chake. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anangoja cha baba. Mimi nilikuwa nangojewa niolewe. Nikajisemea basi, filamu ndiyo itakuwa kihamba changu. Nitaipanda mwenyewe, ikikubali nitatengeneza nyingine, na hapatakuwa na wa kuniambia hapa si kwenu.

Kamera niliikodi kwa mpiga picha za harusi. Waigizaji walikuwa wanakwaya wa usharika wetu, na mjane wangu alikuwa mama mmoja muuza maziwa aliyejua kulia bila kuambiwa. Kilichobaki kilikuwa fedha. Nilitaka kukopa. Kaka akaniangalia kana kwamba nimesema nakwenda kuomba barabarani.

"Ukope na ukoo unao? Tuitishe kamati."

Kaka yangu alizaliwa mwenyekiti. Nusu ya ndoa za upande wetu wa mlima zilipita mikononi mwake. Jumapili iliyofuata baada ya ibada kamati ikakaa sebuleni kwake, ikapata katibu, mweka hazina, na kamati ndogo ya chakula. Nikauliza chakula cha nini. Wakacheka, wakaendelea na ajenda. Kadi za mchango zilichapwa mjini kwa mtu ambaye alikuwa na mchoro mmoja tu wa kadi, kwa hiyo ombi la kuchangia filamu yangu likatoka na pete mbili zilizopishana na njiwa kila pembe. Nikalalamika.

"Si kitu," kaka akasema. "Watu wataelewa."

Walielewa, tena kuliko mimi.

Nisiwe mwizi wa fadhila, watu walitoa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Asiyekuwa na fedha alileta mkungu wa ndizi, mwingine mayai, mwingine jogoo, na mama yangu alizunguka kwa akina mama wenzake wa usharika mpaka viatu vikaisha soli. Bila wao nisingepiga hata picha ya mwanzo. Siku niliyoishika kanda iliyokamilika nililia, na sioni aibu kusema hivyo.

Nikaipeleka Kariakoo kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anasambaza kanda. Akaitazama yote bila kunywa chai yake. Akasema ni nzuri, lakini nzuri anazo kabati zima. Sharti lake lilikuwa moja: niionyeshe kwanza kwetu, ukumbini, kwa kiingilio. Tiketi za nusu ya viti zikiuzwa, yeye atatoa nakala na kuipeleka Arusha, Mwanza na Dar yenyewe. Zisipouzwa, tuagane kwa amani. Angemtuma mtu wake akae kwenye kidirisha cha tiketi ahesabu mwenyewe.

Nilichagua wiki ya Krismasi. Wiki hiyo kila Mchagga anayejiheshimu huwa amerudi mlimani na fedha za mjini zikimwasha mfukoni. Nilijiona nina akili sana.

Nilikodi jumba la zamani la sinema, ambalo siku hizo lilikuwa linaishi kwa kukodishwa na wahubiri. Mtu wa Kariakoo alifika mapema, kijana mwembamba mwenye mkoba, akaketi kidirishani kando ya mwalimu mwenzangu aliyekuwa anauza tiketi. Mchana watu wakaanza kuteremka kutoka kwenye magari. Wanaume wamevaa suti. Akina mama wameshona vitenge vya sare. Nikafurahi jinsi walivyoiheshimu sinema.

Kisha nikaona hakuna anayekwenda kidirishani. Wote walikuwa wananyooka kuelekea mlango mkubwa, na mlangoni amesimama kaka yangu na ua kwenye koti, anapokea watu kwa mikono miwili. Kila aliyefika alionyesha kadi ya pete na njiwa, akaingia. Nikamkimbilia.

"Kaka, tiketi!"

"Tiketi gani? Hawa wamechanga."

"Mchango ulikuwa wa kutengenezea. Kuingia ni kwingine."

Akanivuta pembeni, kama unavyomvuta mtoto aliyekosa adabu mbele ya wageni. "Umeona wapi mtu anachangia harusi halafu analipishwa mlangoni? Unataka nikaseme nini kwa wazee?"

Nyuma yake alikuwepo jirani mmoja wa baba, mzee wa fimbo. Nikamwamkia, shikamoo baba. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Mimi nilitoa mbuzi. Na wewe unanidai tiketi?" Hakusema kwa hasira, aliuliza kwa mshangao wa kweli. Nikampisha.

Nikazunguka nyuma ya jumba nipumue, nikakuta mlango wa pembeni uko wazi. Mama yangu ameushikilia kwa mgongo na anaingiza akina mama wa usharika mmoja mmoja, wale ambao hawakupewa kadi kwa sababu walitoa ndizi na mayai. Kando yake pikapu ilikuwa inashusha masufuria ya machalari, zile ndizi zetu za kupikwa na nyama, na madumu ya mbege, pombe ya ndizi. Sasa nikajua kamati ya chakula ilikuwa ya nini.

"Mama, unaniua," nikamwambia.

"Nakujazia watu, mwanangu," akasema, uso wake unang'aa. "Usiingie kwa aibu ukakuta viti vitupu."

Nilimpenda na nilitamani kumtoa pale kwa nguvu, yote kwa pamoja.

Wanunuzi walikuja, msidhani hawakuja. Wachuuzi wa soko la Kiboriloni, wanafunzi wawili watatu, wapagazi waliokuwa wametoka mlimani na malipo yao. Watu wasionijua kabisa, wamevutiwa na bango tu. Walilipa, wakaingia, wakakuta hakuna pa kuweka hata mguu. Wakarudi kidirishani wanadai chao, na walikuwa na haki. Mwalimu mwenzangu akawarudishia huku mtu wa Kariakoo anaandika. Yaani wageni waliolipa walifukuzwa na ndugu ambao hawakulipa. Sijawahi kuwachukia ndugu zangu kama saa ile.

Halafu taa zikazimwa, na hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu filamu ilikuwa nzuri. Walicheka pale nilipotaka wacheke. Shemeji mbaya alipotokea walimzomea kwa Kichagga, ingawa mwigizaji mwenyewe alikuwa amekaa safu ya tatu na mkewe. Mjane alipofunga mzigo wake na kuugusa mgomba wa mwisho kabla ya kuondoka, nikasikia ukumbi mzima akina mama wanavuta kamasi. Wazee waliomiliki vihamba, ambao nusu yao wamewahi kumtoa mjane, walifuta macho. Sijapata watazamaji wengine kama wale na sitapata.

Taa zilipowashwa kaka akashika kipaza sauti. Akaishukuru kamati, akaisimamisha, ikapigiwa makofi. Akaniita mbele. Wakaja kwa mstari wanacheza, wakanitunza: shuka za kitanda, seti ya sahani, vitenge, chupa ya chai. Niliingia mle na filamu, nikatoka na vyombo.

Nilimkuta mtu wa Kariakoo nje, ameshapewa sahani ya machalari.

"Dada, filamu yako ni nzuri mno," akasema. "Nimecheka, nimelia. Ila bosi hataniuliza kama nililia."

"Si umeona watu walivyojaa?"

"Nimeona. Wamejaa ndugu zako." Akatafuta neno la upole, akalikosa. "Mwanza una ndugu?"

Akamaliza chakula chake, akaomba maji ya kunawa, akaondoka na basi la asubuhi. Kariakoo hawakunipigia tena.

Niliyakubali yote hayo kwa wiki moja, kwa sababu nilijua bado pana mlango mmoja. Mweka hazina alikuwa amesema hazina ya kamati ina salio, tena si dogo. Nikafanya mahesabu. Salio lile lingetosha kutoa nakala mwenyewe, nikaziuze sokoni Kiboriloni, sokoni Mkuu, mpaka Arusha, kwa mkono, kwa watu wasio ndugu zangu. Nikapanga nitakavyosema. Nikaitwa kwenye kikao cha mwisho cha kamati, kwenye baa moja Kiboriloni. Nilipofika nikakuta mbuzi wawili wako kwenye moto, kreti za bia zimepangwa ukutani, na kiti changu kimefunikwa kitenge katikati ya meza kuu.

"Kaka," nikamnong'oneza, "lile salio nilikuwa naomba."

"Salio lipi? Hili hapa tunalivunja." Akanionyesha moto kwa mkono. "Kamati haibaki na fedha. Inavunjwa kwa kula na kunywa, ndiyo desturi. Au umesahau kwenu?"

Nikamwambia zile zilikuwa nakala za filamu yangu. Hakusikia, au alisikia akaona ni mzaha. Alishasimama, anagonga chupa kwa kisu, watu wananyamaza. Akasema shughuli imefana, haijawahi kutokea mlima mzima. Akasema sasa tumejua kwamba mdogo wake ana watu, tumejaribu mitambo na mitambo inafanya kazi.

"Sasa tuje kwenye lenyewe," akasema, akanigeukia na tabasamu la upendo mtupu. "Tuambie harusi ni lini. Kamati tunayo, vyombo umeshaanza kupata. Kilichobaki ni wewe kutuletea mtu."

Baa nzima ikapiga makofi na vigelegele. Mama alikuwa amekaa upande wangu wa kushoto, na alipiga makofi kuliko wote. Nilitazama uso mmoja mmoja nikitafuta hata mtu mmoja aliyejua kwamba niliyoionyesha wiki ile ilikuwa kazi yangu na si sherehe ya kunitoa nyumbani. Hakuwepo. Walinipenda, kila mmoja wao, na wangechanga tena kesho, mradi niwe naondoka.

Sinia la nyama likaletwa, kaka akanikatia mimi kwanza kama mgeni rasmi. Mbavu, zenye mafuta yake. Nikala. Nakala za filamu yangu ndizo zilizokuwa pale mezani, na kama kuna mtu aliyestahili kuzila alikuwa ni mimi.