Sista Sabuni na Magauni Kumi na Moja

Alizaliwa mwaka 1968, binti pekee wa mjane aliyefua nguo za watu, na alijua kukamua shuka kabla ya kujua kusoma. Alipoingia utawani alikabidhiwa chumba cha kufulia cha hospitali ya misheni. Huko alibandikwa jina la Sista Sabuni, na watani wakasema ukisimama karibu naye atakufua na wewe. Kila Jumapili, kwa ruhusa ya mama mkuu, alikwenda kumsuka mama yake nywele.

Maradhi yalipoenea dunia nzima mwaka 2020, wadi ya wagonjwa wa maradhi hayo ilikuwa na wauguzi kumi na wanne na magauni ya kujikinga kumi na moja, yaliyoshonwa kwa mashuka. Sista aliyachemsha kila siku. Kwa kuwa alishika nguo za wagonjwa, aliacha kwenda kwa mama. Alimkumbuka mno, hata vidole vyake vikawa vinasuka pindo za taulo bila yeye kujua.

Mwezi wa saba uliletwa ujumbe: mama yu mahututi kwa ugonjwa wa moyo, naye anasema, “Mwambieni aje anisuke.” Ruhusa ilitolewa. Sista alikuwa amekwisha kuoga na kubadili nguo mvua ilipoanza. Mpishi, kwa wema wake, alikimbia kuanua magauni, akayarundika juu ya machafu. Hakuna aliyeweza tena kujua lipi limechemshwa, na zamu mpya ilikuwa inakaribia kuingia.

“Nenda tu, Sista,” muuguzi mkuu alimwambia. “Tutavaa hivyohivyo.”

Sista alitazama lango, kisha akawasha jiko. “Na nyinyi mna mama zenu,” alisema. Mama yake alifariki mchana ule, maji yakiwa bado jikoni.

Katika wadi ile hakuambukizwa muuguzi hata mmoja. Wapo wanaosema ni muujiza. Mimi nasema ni maji ya moto, na sidhani Mungu anaona vibaya kuyatumia.

Sista alifariki mwaka 2023 kwa maradhi ya figo. Tumwige, wapendwa, lakini tusimfanye jiwe. Padre aliyempaka mafuta alimuuliza kama siku ile ingerudi angefanya nini.

“Ningechemsha, Baba,” alijibu. “Lakini namtaka mama yangu.”