Aljebra Bila Kurudisha Nyuma

Binti yetu alipofika kidato cha pili tulimtoa bweni. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaokuja na maumivu ya mifupa, na kule walikuwa wanaoga maji baridi alfajiri, na baridi ndiyo huyaamsha. Muhula mmoja niliitwa mara tatu kwenda kumchukua akilia. Nikasema imetosha, atasomea nyumbani hapa mtaani Tuwan, Kitale, karibu na cherehani yangu. Mimi ni fundi wa nguo, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Wateja walinicheka, ati nashonea watoto wa wenyewe sare na wangu nimemkalisha nyumbani. Niliwaambia washike adabu zao, wasimame wima nipime kiuno.

Masomo mengine tuliyaweza. Hesabu ndiyo ilikuwa mlima. Mimi ilinishinda tangu shule ya msingi, na baba yake anafanya kazi ofisi ya serikali Bungoma, hurudi Kitale Ijumaa akiwa amechoka. Basi tukaamua kutafuta masomo ya aljebra ya video.

Mama mmoja wa kanisani, ambaye pia anafundisha watoto wake nyumbani, alinionyesha ya mwalimu wa ng'ambo. Sauti laini, herufi zinaruka kwa rangi, mabano yanafunguka yenyewe. Nilitazama dakika tano nikasema hii ndiyo. Kitambaa siwezi kununua bila kukivuta na kukikunja, lakini hayo masomo niliyachukua kwa rangi tu.

Shida ni kwamba yalikuwa ya mtandaoni, na yalikula bando, ile data ya kununua, vibaya sana. Nikaweka sheria: "Tazama mara moja. Usirudishe nyuma. Ukirudisha, bando inaenda tena." Mtoto wangu ni mtiifu. Alikaa na tableti, kichwa kikiitikia, mimi nashona, na kila video ikiisha nilichora alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani. Kufika likizo ya Agosti kalenda ilikuwa imejaa. Nilijivuna, Mungu anisamehe.

Baba yake hakuwahi kuupenda mpango huo. Alikuwa ameshasema: dada yake atampima mtoto Agosti, na akishindwa, anarudi bweni muhula wa tatu. Huyo dada ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anakaa Bungoma, na sisi humwita Senge, yaani shangazi kwa Kibukusu. Sikubisha. Ningebisha kwa nini, na alama zangu zilikuwa ukutani?

Tulipofika kwake sote watatu, tulimkuta Senge akichambua mboga. Alitupa chai, akafuta meza, akaandika swali moja kwenye karatasi: tano, toa mbili mara mabano, eksi toa tatu, sawa na moja. Binti yangu aliandika, akafuta, akaandika. Jibu lake likawa hasi moja. Senge akaliweka ndani ya swali, tukapata kumi na tatu badala ya moja.

"Mwanangu, hapa kwa mabano ulifanya nini?" akamuuliza.

"Sijui, Senge. Mwalimu wa video alipita haraka."

"Si ungerudisha video nyuma umsikie tena?"

Mtoto akanitazama, kisha akatazama meza. "Mama alikataza. Ati bando."

Wallahi, mimi ni Mkristo lakini niliapa kimoyomoyo. Senge hakunisema. Aliniuliza tu, "Sasa wewe bana, video faida yake ni gani kama haitarudi?" Mume wangu tayari alikuwa ametoa simu atafute namba ya shule. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, lakini mdomo haukukauka. Nikamwambia kosa ni langu, asimwadhibu mtoto kwa ubahili wa mama yake, anipe hadi shule zifunguliwe. Akarudisha simu mfukoni.

Safari hii nilichagua kwa mikono. Nilikusanya masomo ya video ya walimu watatu, nikaketi na penseli, mimi niliyefeli, nikafanya somo la kwanza la kila mmoja. Sheria yangu mpya ilikuwa hii: mwalimu atakayenifanya nimalize swali la mwisho bila kumchungulia, huyo ndiye. Yule wa ng'ambo nilimfurahia na sikuweza hata moja. Wa pili alikuwa anafundishia mtihani tu, mbinu juu ya mbinu. Wa tatu alikuwa mzee mwenye sweta lililotoboka kiwiko, ubao mweupe, na jogoo akiwika nyuma yake. Kila baada ya mfano alisema, "Simamisha hapa, ujaribu," na akionyesha jibu anaonyesha pia kosa ambalo wengi hulifanya. Swali la mwisho nililipata. Nilipiga kelele, mteja aliyekuwa mlangoni akashtuka. Na masomo yake yanauzwa kwa flashi, hayataki bando hata chembe.

Tulifanya pamoja, mimi na binti yangu, kila asubuhi kabla sijafungua duka. Somo moja wakati mwingine lilichukua siku mbili. Kalenda niliitoa ukutani.

Wikendi ya mwisho ya likizo Senge alikuja Kitale mwenyewe. Aliandika maswali sita. Binti yangu alipata manne. Baba yake akaguna, akasema manne si sita. Mtoto alivuta karatasi, akarudia lile la tano mstari kwa mstari, akaweka kidole. "Hapa. Hasi mara hasi, nimesahau." Akalirekebisha. La sita likamshinda kabisa, akasema wazi, "Hili bado sijaelewa." Senge akamgeukia kaka yake: "Mtoto anayejua asichokijua, mimi namwacha hapo hapo alipo." Baba yake alikubali. Hakufurahi, lakini alikubali.

Jioni tulikuwa jikoni tunamenya viazi. Nikamuuliza binti yangu mbona miezi yote ile alikuwa anaitikia kwa kichwa ilhali haelewi.

"Niliogopa, Mama," akasema. "Nilidhani nikisema sielewi, mtanirudisha bweni."

Kisu nilikiweka chini. Nilimkumbatia na mikono yenye maji ya viazi, nikamwomba msamaha, nikalia mbele yake.