Nguo Kwenye Roshani

Nyumba njema si mlango. Nimeifundisha methali hiyo miaka nenda miaka rudi, halafu mimi mwenyewe nikanunua fleti pale Kitale kwa sababu jengo lilikuwa linang'aa. Kiinua mgongo changu chote cha ualimu kiliishia kwenye vyumba viwili vya ghorofa ya tatu. Ukuta wa nje ulikuwa umebandikwa mabamba ya rangi ya fedha, na jua la asubuhi likiyapiga, nilijiona mtu.

Kisha wakaguzi wakaja, wakabandua bamba moja, wakaliwashia kiberiti. Kumbe katikati ya mabati mawili membamba mlikuwa na plastiki, na iliwaka kama mshumaa. Tukaambiwa mabamba yote yatolewe, tena kwa gharama yetu sisi wenye fleti. Wengi hatukuwa na uwezo, na nani angenunua nyumba kama hiyo?

Ndipo ukaja mfuko wa msaada. Ungelipia kazi yote, ila kwa sharti moja: anasaidiwa tu mwenye fleti anayeishi ndani yake. Mkaguzi angepita siku yoyote, bila taarifa, atazame kama watu wapo.

Majirani zangu walikuwa wamekwisha kuhama kwa hofu. Walirudi Jumapili moja, wakaanika nguo kwenye roshani zao, wakaenda zao. Mama wa ghorofa ya juu, aliyekimbilia kwao Malakisi, alitundika gauni la buluu kwenye henga.

"Si mtu akiona nguo anajua kuna mtu, mwalimu," akaniambia.

Nilimjibu kwamba mimi sianiki uongo. Nilibaki, maana fleti ile ndiyo mali pekee niliyokuwa nayo. Dada yangu alinipigia simu kila mara kutoka Mabanga, kule Bungoma. "Kuja huku bana. Hiyo nyumba itakumaliza." Nikamwambia aache kunitisha, na huku mimi mwenyewe nilikuwa naogopa.

Niliogopa zile nguo. Mvua ilizilowesha, jua likazikausha, na hapakuwa na mkono wa kuzianua. Upepo wa mlimani ukiingia nyuma ya mabamba, yaligonga ukuta moja baada ya jingine, kama mtu anayebisha hodi mlango kwa mlango. Mara kadhaa niliitikia "karibu" kabla sijajikumbuka. Nikiinua macho, gauni la buluu limejaa upepo, lina kifua na mabega.

Siku moja mkaguzi akapita. Nilimsikia pale chini akimwambia soja wa getini, "Yule mama wa juu yupo. Nimemwona amesimama." Soja akamfungulia geti. Sikulitazama lile gauni hadi kesho yake.

Wiki hiyo hiyo, mchana, fundi alikuwa akichomelea mlango wa duka la chini. Cheche zikarukia ukutani, mabamba ya chini yakashika moto. Moshi mweusi ukajaza ngazi, nami nikapiga milango ya majirani nikiwaita, nikisahau kwamba hakuna wa kuitika. Nikakimbilia roshani, nikapunga mikono yote miwili. Barabarani watu walikuwa wamejaa, nyuso zimeelekea juu. Hakuna aliyeniita. Macho yao yalinipita, yakaenda kwenye gauni la buluu, yakaenda kwenye shuka la jirani, yakarudi chini.

Nilijifunga kitambaa chenye maji puani, nikashuka kwa kupapasa ukuta. Chini, moto ulikuwa umekwisha kuzimwa kwa mchanga. Soja aliponiona alirudi nyuma.

"Mwalimu, kumbe ulikuwa ndani?"

"Si nilikuwa nawapungia mikono?"

"Tuliona," akasema. "Tulidhani ni nguo."

Jioni hiyo nilikuwa kwa dada yangu. Msaada nimewaachia wenye kuanika. Nguo zangu zote niliondoka nazo, sikuacha hata leso kwenye kamba.